Wii U: Mashine iliyoshindwa kurithi soko la Wii

IJUMAA ya Januari 17, 2014, baada ya soko la hisa la Tokyo kufungwa, kampuni ya Nintendo yenye makao yake makuu mjini Kyoto, Japani, ilitoa taarifa ya kurekebisha makisio yake ya mwaka. Kampuni hiyo ilikuwa imewaambia wanahisa kwamba katika mwaka wa fedha uliokuwa ukiishia Machi 31 ingeuza mashine milioni 9 za michezo ya video aina ya Wii U. Sasa ilisema zitauzwa milioni 2.8 tu. Faida ya uendeshaji iliyokisiwa kufikia yeni bilioni 100 iligeuka kuwa hasara ya yeni bilioni 35.

Jumatatu yake soko lilipofunguliwa, kila aliyetaka kutoka alitaka awe wa kwanza mlangoni. Hisa za Nintendo zilianguka kwa zaidi ya asilimia 15 katika saa za mwanzo. Baadaye wanunuzi waliovutiwa na bei ya chini walijitokeza, na siku ikafungwa hisa zikiwa zimeshuka kwa kama asilimia 6.

Kukosea makisio si jambo geni katika biashara. Lakini kukosea kwa zaidi ya theluthi mbili, tena ikiwa imebaki miezi miwili na nusu tu kabla ya kufunga vitabu, ni jambo linalodai maelezo. Aidha, kampuni yenyewe haikuwa changa. Ilianzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na mashine iliyoitangulia Wii U, yaani Wii, iliuzwa jumla ya milioni 101.63 duniani kote. Wii U ilipoachwa kutengenezwa mwaka 2017 ilikuwa imeuzwa milioni 13.56. Kwa kila mashine saba na nusu alizouza baba, mtoto aliuza moja.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, swali ni moja: inakuwaje jina ambalo juzi lilikuwa likipigiwa foleni madukani liwe mzigo wa kukaa ghalani, hali mwenye jina ni yule yule, kiwanda ni kile kile na wabunifu ni wale wale?

ENZI YA WII

Wii ilitoka Novemba 2006 kwa bei ya dola 249.99 nchini Marekani. Wakati huo Sony na Microsoft walikuwa wakishindana kwa nguvu za mashine na ubora wa picha, na PlayStation 3 ya Sony ilianza kuuzwa kwa dola 499 na dola 599. Nintendo haikuingia katika vita hiyo. Ilichukua teknolojia isiyokuwa mbali sana na ile ya mashine yake ya zamani, GameCube, ikabana gharama, na nguvu zake ikazielekeza kwenye kitu kimoja: rimoti inayotambua mwendo wa mkono. Mchezaji akizungusha mkono kama anayepiga mpira wa tenisi, yule wa kwenye televisheni naye hupiga.

Bidhaa ya namna hiyo hujiuza yenyewe. Haikuhitaji kitabu cha maelezo wala kijana wa dukani wa kuifafanua. Bibi aliyemwona mjukuu wake akicheza sebuleni alielewa papo hapo, akaomba zamu yake. Mchezo wa Wii Sports, ambao katika nchi nyingi ulitolewa ndani ya boksi la mashine bila nyongeza ya bei, ulifikia nakala milioni 82.9. Kwa lugha ya soko, Nintendo ilikwenda kutafuta wateja ambao hawakuwa wateja wa mtu yeyote: wazee, akina mama, watu ambao hawakuwa wamewahi kushika kidhibiti cha michezo maishani mwao. Na kwa kuwa mashine ilikuwa rahisi kuitengeneza, kampuni ilipata faida juu ya mashine yenyewe tangu mwanzo, wakati Sony ilikuwa ikiuza ya kwake kwa hasara ikitegemea kurudisha fedha katika michezo.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, Wii milioni 25.95 ziliuzwa. Faida ya uendeshaji ya kampuni, ikijumlishwa na biashara ya mashine ndogo ya mkononi ya DS, ilikuwa yeni bilioni 555.3. Wanahisa walipata gawio la yeni 1,440 kwa kila hisa. Bei ya hisa yenyewe ilikuwa imekwisha kupita yeni 70,000 mwezi Novemba 2007.

Hapo ndipo wengi walipoingia, na hapo ndipo palipokuwa pabaya pa kuingilia. Aliyenunua kwa bei ile ya 2007 alishuhudia hisa yake ikishuka chini ya yeni 9,000 katikati ya mwaka 2012, na hakuiona tena thamani aliyonunulia (ukizingatia mgawanyo wa hisa moja kuwa kumi uliofanyika Oktoba 2022) mpaka ilipopita zaidi ya miaka 15.

Dalili zilikuwepo kwa aliyetaka kuziona. Baada ya zile milioni 25.95, mauzo ya Wii kwa mwaka yalikwenda milioni 20.53, kisha milioni 15.08, kisha milioni 9.84. Wale wateja wapya walikuwa na tabia moja ambayo haikuonekana wakati wa shangwe: walinunua mashine, wakanunua mchezo mmoja au miwili, wakatosheka. Mchezaji mzoefu hununua michezo kila msimu na hubadilisha mashine kila inapotoka mpya. Bibi hana haja hiyo. Wakati huo huo simu za kisasa zilianza kuingia mifukoni mwa watu, iPhone mwaka 2007 na tableti ya iPad mwaka 2010, zikiwa na michezo ya bure au ya dola moja. Mteja ambaye Nintendo ilimtoa mbali kumleta sokoni, Apple ilimchukua akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Mashine mpya ya mkononi, 3DS, iliyotoka mapema 2011, iliuzwa polepole hivi kwamba bei yake nchini Marekani ilishushwa kutoka dola 249.99 hadi dola 169.99 ndani ya miezi mitano. Yeni nayo ilikuwa na nguvu mno, chini ya 80 kwa dola moja, hivyo kila dola iliyopatikana ng'ambo ilirudi Kyoto ikiwa imekonda. Machi 2012 Nintendo ilifunga mwaka kwa hasara halisi ya yeni bilioni 43.2. Gawio lilikuwa yeni 100. Kutoka 1,440 hadi 100 katika muda wa miaka mitatu.

Wii U haikuingia sokoni kama bidhaa ya kuongeza faida, basi. Iliingia ikitakiwa kuiokoa nyumba.

JINA LILILOWACHANGANYA WANUNUZI

Juni 7, 2011, katika maonyesho ya biashara ya michezo ya video mjini Los Angeles, Rais wa Nintendo, Satoru Iwata, na wenzake waliionyesha Wii U kwa mara ya kwanza. Kilichoonyeshwa zaidi kilikuwa kidhibiti chake, kipana, chenye skrini katikati. Mashine yenyewe haikuonekana sana. Watu walitoka ukumbini wakiulizana kama walichokiona ni mashine mpya au ni kifaa cha nyongeza cha Wii waliyokuwa nayo nyumbani. Hisa za kampuni, ambazo wakati huo ziliuzwa hasa katika soko la Osaka, zilishuka siku iliyofuata. Iwata mwenyewe alikubali baadaye kwamba walipaswa kuionyesha mashine waziwazi zaidi.

Kosa la jukwaani linaweza kurekebishwa wiki inayofuata. Kosa la jina linabaki kwenye boksi.

Mfikirie mzazi aliyeingia dukani mwezi Desemba 2012 kumtafutia mwanawe zawadi. Anakuta Wii, ambayo bado inauzwa. Anakuta Wii U. Kama yuko Kanada anakuta pia Wii Mini, ambayo Nintendo iliitoa nchini humo mwezi huo huo kwa dola 99.99. Rimoti za Wii zinafanya kazi kwenye Wii U, na michezo ya Wii vile vile. Hizi zilikuwa sifa njema, na kampuni ilizitangaza, lakini kwa mzazi huyu zilithibitisha tu dhana kwamba Wii U ni kitu cha kuongezea juu ya kile kilichopo nyumbani. Na dola 300 kwa kitu cha kuongezea ni fedha nyingi.

Sony haikuwa na taabu hiyo. Hata asiyejua lolote kuhusu michezo ya video anajua kwamba nne huja baada ya tatu. Herufi moja ya U haimwambii mteja kipi kipya na kipi cha zamani.

Katika mikutano na wawekezaji Iwata alikiri kwamba baadhi ya watu waliichukulia bidhaa hiyo kuwa ni Wii ile ile iliyoongezewa tableti. Nchini Uingereza tawi la kampuni lilifikia hatua ya kuwatumia ujumbe wenye Wii, mwaka 2013, kuwaeleza kwamba Wii U ni mashine mpya kabisa. Kampuni inapolazimika kumwandikia mteja wake wa zamani kumweleza kwamba bidhaa mpya ni mpya, matangazo ya mwaka mzima yamekwenda bure.

SKRINI ILIYOFUNGA MIKONO

Wii U ilianza kuuzwa Marekani Novemba 18, 2012, Ulaya Novemba 30 na Japani Desemba 8. Kulikuwa na aina mbili: nyeupe ya dola 299.99 na nyeusi ya dola 349.99, hii ya pili ikiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhia na mchezo wa Nintendo Land ndani ya boksi.

Kila moja ilikuja na GamePad, kidhibiti chenye skrini ya inchi 6.2. Wazo halikuwa baya. Mtu mwingine akitaka kuangalia taarifa ya habari, mchezaji aliweza kuendelea kucheza kwenye skrini ya mkononi. Lakini GamePad haikuwa kompyuta inayojitegemea. Ilipokea picha kutoka kwenye mashine, na ukitoka nayo chumba cha mbali ilikata. Betri yake ilidumu kati ya saa tatu na tano. Kwa mtu aliyekwisha zoea iPad, au hata simu nzuri, hicho kilikuwa kifaa cha kushangaza kwa ubaya: kikubwa kama tableti, lakini hakiwezi kutoka nyumbani.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa katika hesabu. Skrini hiyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilikuwa imo katika kila boksi. Nintendo, ambayo kwa desturi haikupenda kuuza mashine chini ya gharama, safari hii ilikubali kufanya hivyo. Uongozi wake wa Marekani ulieleza kwamba mteja akinunua mchezo mmoja tu, kampuni inakuwa imerudisha fedha yake. Hesabu ya namna hiyo ni nzuri mradi wateja wapo. Mauzo yakidorora, njia ya kawaida ya kuyaamsha ni kushusha bei, na hapa kushusha bei kulimaanisha kuongeza hasara kwa kila boksi. Punguzo lilipokuja, Septemba 2013, lilikuwa la dola 50 tu.

Microsoft ilikutwa na jambo linalofanana na hilo. Xbox One ilitoka Novemba 2013 kwa dola 499, ikiwa imefungwa pamoja na kamera ya Kinect. Wateja walipolalamikia bei, kufikia Juni 2014 kampuni iliitoa kamera ndani ya boksi na kuuza mashine kwa dola 399. Nintendo haikuwa na nafasi hiyo. Mashine ilikuwa imejengwa kuizunguka GamePad. Bila hiyo Wii U ingekuwa Wii yenye picha safi zaidi na jina la kutatanisha.

Inashangaza zaidi kwamba hata wabunifu wa Nintendo wenyewe hawakuitumia sana. Michezo iliyouzika zaidi kwenye Wii U, ukianza na Mario Kart 8, ingeweza kuchezwa bila skrini ya pili na mchezaji asikose kitu. Wii Sports ilimwonyesha mteja kwa dakika moja kwa nini rimoti ile ipo. Wii U haikupata mchezo wa kufanya kazi hiyo. Mnunuzi alilipia skrini ambayo hakuna aliyeweza kumwambia ni ya nini.

MIEZI MITUPU

Mwanzo haukuwa mbaya. Hadi Desemba 31, 2012 mashine milioni 3.06 zilikuwa zimesafirishwa kwenda madukani. Kisha sikukuu zikaisha.

Kuanzia Januari hadi Machi 2013 zilikwenda kama 390,000. Aprili hadi Juni zilikwenda 160,000 kwa dunia nzima. Msomaji na atazame tena tarakimu hiyo. Katika kilele chake Wii ilikuwa ikiuza zaidi ya milioni mbili kwa mwezi ukichukua wastani wa mwaka. Mrithi wake aliuza kama 53,000 kwa mwezi, Marekani, Ulaya na Japani zikiwa zimejumlishwa.

Sababu ya karibu ilikuwa uhaba wa michezo. Wii ilikuwa na picha za kiwango cha kawaida, na kwa miaka sita wabunifu wa Nintendo walifanya kazi katika kiwango hicho. Wii U iliwaingiza kwa mara ya kwanza kwenye picha za ubora wa juu, kazi inayohitaji watu wengi zaidi na muda mrefu zaidi kwa kila mchezo. Sony na Microsoft walikwisha lipa ada ya somo hilo tangu 2005 na 2006. Nintendo ililipa mwaka 2013, mbele ya macho ya wateja, na wakuu wake walikiri kwamba hawakutegemea kazi hiyo ingekula muda kiasi hicho. Pikmin 3, mchezo ambao wengi waliutegemea mapema, ulitoka Julai 2013. Super Mario 3D World ulitoka Novemba, mwaka mzima baada ya mashine.

Katika biashara hii pengo la namna hiyo linaziba kwa michezo ya kampuni nyingine. Hapa nazo zilikuwa zikiondoka.

Siku Wii U ilipoonyeshwa mwaka 2011, mkuu wa Electronic Arts, John Riccitiello, alipanda jukwaani kuahidi ushirikiano mkubwa. Kampuni hiyo ya Marekani ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa michezo duniani, hasa ile ya mpira wa miguu. Mashine ilipotoka, Electronic Arts iliileta Mass Effect 3 kwenye Wii U, mchezo wa sehemu ya tatu ya hadithi, huku karibu na wakati huo huo ikiuza sehemu zote tatu kwa pamoja kwenye mashine za Sony na Microsoft kwa bei ya kawaida ya mchezo mmoja. Mteja mwenye akili timamu alijua pa kununua. Mei 2013 Electronic Arts ilithibitisha kwamba haikuwa na mchezo wowote wa Wii U uliokuwa ukitengenezwa.

Ubisoft ya Ufaransa ilikuwa imeahidi kwamba Rayman Legends ungepatikana kwenye Wii U peke yake, mwishoni mwa Februari 2013. Wiki chache kabla ya siku yenyewe iliahirisha mpaka Septemba ili utoke kwenye mashine za washindani pia. Kwa Nintendo ule ulikuwa mwezi mkavu kuliko yote, na mchezo ulikuwa umekaribia kufika.

Si haki kuzilaumu kampuni hizo. Mtengenezaji wa michezo huhesabu mashine zilizopo majumbani kabla ya kutia fedha zake. Mashine zikiwa chache hatengenezi. Asipotengeneza, mashine haziuziki. Zaidi ya hapo, Wii U ilitumia aina ya prosesa, iliyotengenezwa na IBM, ambayo soko lilikuwa likiiacha. PlayStation 4 na Xbox One zilijengwa juu ya prosesa za familia ile ile ya kompyuta za kawaida na zilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Wii U ilikuwa na gigabaiti 2, na nusu yake ilitumiwa na mfumo wa mashine yenyewe. Kuhamisha mchezo kutoka kwa hizo mbili kuja Wii U kulikuwa sawa na kuujenga upya, kwa wateja wachache.

Wenye maduka walikuwa wa kwanza kusema kwa vitendo. Julai 2013 Asda, mojawapo ya minyororo mikubwa ya maduka makubwa ya Uingereza, ilithibitisha kwamba haitaweka tena mashine za Wii U katika maduka yake. Nafasi kwenye rafu ni kodi, na bidhaa isiyolipa kodi huondolewa.

Novemba 2013 PlayStation 4 ilitoka kwa dola 399. Mashine zaidi ya milioni moja ziliuzwa Marekani na Kanada ndani ya saa 24 za kwanza, na kufikia mwisho wa Desemba zilikuwa milioni 4.2. Wii U, iliyokuwa na bei ya dola 100 pungufu na mwaka mzima wa kutangulia, ilikuwa na jumla ya milioni 5.86. Haya ndiyo yaliyoandikwa, kwa lugha ya kistaarabu zaidi, katika taarifa ile ya Ijumaa ya Januari 17.

HESABU ZILIPOFUNGWA

Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2014 ulifungwa kwa hasara ya uendeshaji ya yeni bilioni 46.4, kubwa kuliko hata ile ya yeni bilioni 35 iliyotangazwa Januari. Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa hasara ya uendeshaji, baada ya bilioni 37.3 na bilioni 36.4. Wii U zilizouzwa zilikuwa milioni 2.72. Gawio lilibaki yeni 100.

Iwata alijikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano, na wakurugenzi wenzake kati ya asilimia 20 na 30. Wafanyakazi hawakupunguzwa. Mwaka uliotangulia aliulizwa na wanahisa juu ya jambo hilo, akajibu kwamba kupunguza watu ili kupendezesha mahesabu ya muda mfupi huvunja ari ya wanaobaki, na watu hao ndio wanaotengeneza michezo. Wapo wachambuzi waliomwona kuwa mkaidi. Wengi walimtaka pia aruhusu michezo ya Mario ichezwe kwenye simu, naye kwa muda mrefu akakataa.

Kampuni nyingine ingefilisika. Nintendo ilisimama kwa sababu mbili ambazo mwekezaji makini anaweza kuzisoma kwenye mizania bila msaada wa mtu. Haikuwa na deni la benki, na ilikuwa na akiba kubwa ya fedha taslimu iliyojikusanya katika miaka ya neema. Aidha 3DS, baada ya lile punguzo chungu la bei, ilipata soko lake na mwishowe ikauza karibu milioni 76. Mashine ndogo ya mkononi ndiyo iliyomlisha mkubwa wa sebuleni.

Wii U yenyewe iliendelea kujikokota: milioni 3.38 mwaka uliofuata, milioni 3.26 mwaka wa baada ya huo, na 760,000 mwaka wa mwisho. Mario Kart 8, uliotoka Mei 2014, uliuza nakala milioni 8.46, maana yake zaidi ya nusu ya wote waliokuwa na mashine hiyo waliununua. Si wengi wanaoweza kujivunia uaminifu wa namna hiyo. Wateja waliokuwepo walikuwa wateja wazuri sana. Tatizo walikuwa wachache.

Machi 17, 2015 Iwata alitangaza ubia na kampuni ya DeNA kwa ajili ya michezo ya simu, na katika mkutano huo huo akadokeza kuwa mashine mpya ilikuwa ikitayarishwa. Siku iliyofuata hisa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Hakuishi kuiona mashine hiyo sokoni. Alifariki dunia Julai 11, 2015, akiwa na umri wa miaka 55, na nafasi yake ikachukuliwa na Tatsumi Kimishima, mtu aliyeanzia kazi benki.

Mashine hiyo, Switch, ilitoka Machi 3, 2017 kwa dola 299.99, bei ile ile ya Wii U nyeupe. Safari hii skrini ndiyo iliyokuwa mashine yenyewe. Ukiichomoa kwenye kituo chake karibu na televisheni unatoka nayo, unapanda nayo basi, unakwenda nayo kazini. Prosesa yake ilitoka Nvidia na ilikuwa ya aina inayofanana na za simu, hivyo watengenezaji wa michezo hawakuwa na lugha mpya ya kujifunza. Na kwa kuwa ilichukua nafasi ya mashine ya sebuleni na ya mkononi kwa pamoja, wabunifu wa Nintendo waliokuwa wamegawanyika katika kazi mbili sasa walilisha rafu moja. Miezi mitupu ikawa nadra.

Mwezi uliofuata, Aprili 2017, Nintendo iliuchukua mchezo ule ule wa Mario Kart 8, ikauongezea vitu vichache, ikauuza tena kwenye Switch kwa bei kamili. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. Michezo mingine kadhaa ya Wii U ilifuata njia hiyo, na wateja wengi waliinunua wakidhani ni mipya, kwani hawakuwahi kuiona ilipotoka mara ya kwanza. Switch yenyewe imeuza zaidi ya milioni 150.

Duka la Wii U la kununulia michezo kwa intaneti lilifungwa Machi 2023, na huduma ya kucheza kwa mtandao ikazimwa Aprili 2024. Juni 5, 2025 Nintendo ilitoa mrithi wa Switch kwa dola 449.99. Ndani ya siku nne ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5, wakati Wii U ilichukua miezi minne na nusu kufikisha milioni 3.45. Mashine hiyo inaitwa Switch 2.